Gesi ilisingiziwa

Foklifti ile iliwaka vizuri kila asubuhi, na hilo ndilo lililonichelewesha. Ukigeuza ufunguo, stata inazunguka mara mbili tatu, injini inashika na kuunguruma kwa mlio mmoja bila kutetemeka. Ungesimama kando yake ungeapa kwamba ni nzima. Shida ilianza mguu ulipogusa pedali. Injini ilipanda kidogo, ikakatika, ikapanda tena, halafu ikatoa kishindo kifupi kupitia miksa, kifaa kinachochanganya gesi na hewa, kile kishindo kinachofanya watu wote ghalani wageuze shingo. Na hapa ndipo palipokuwa na ajabu: ukikanyaga pedali mpaka chini kwa nguvu, ilipokea na kuondoka. Ukilegeza mguu nusu, inakohoa upya.

Ni mashine ya zamani. Silinda nne, distributa ya kugawa cheche yenye pointi za kukata na kuunga umeme, koili moja ya kukuza volti, na mtungi wa propani umelazwa nyuma ya dereva. Kila aliyeisikia alitoa hukumu ile ile: gesi haifiki. Dereva alisema hivyo, msimamizi alisema hivyo, na mimi ambaye kazi yangu ni kutoamini maneno ya watu mpaka nipime, nilikubali siku ile ile ya kwanza. Naandika haya kwa sababu naona foklifti nyingi za gesi zikitibiwa ugonjwa ambao hazina, na gharama yake si fedha na muda peke yake. Nitalifikia hilo.

Gesi husingiziwa kwa sababu inaonekana. Ina harufu iliyotiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ina mtungi wenye geji, ina mipira, ina regyuleta, kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, unayoweza kuishika kwa mkono. Propani ya majimaji huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo inapogeuka kuwa mvuke ndani ya regyuleta inafyonza joto jingi, na ndiyo maana maji ya moto ya injini hupitishwa humo. Maji hayo yasipozunguka, regyuleta inapiga barafu nje na kila mtu anaiona. Cheche haina haya yote. Inaruka mahali palipofungwa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ikidhoofika haitoi harufu wala haiachi barafu. Mtu hulaumu anachokiona.

Nikafungua regyuleta. Nilikuta ule ute mzito wa rangi ya kahawia ambao gesi huuacha baada ya miaka, nikausafisha, nikaweka dayaframu (utando wake wa ndani) mpya, nikabadilisha chujio, nikajaribu mtungi mwingine uliojaa. Nilihakikisha mtungi umekaa sawasawa kwenye pini yake, maana mtungi uliogeuzwa vibaya hutoa mvuke badala ya majimaji na injini inakosa nguvu. Siku mbili zilikwisha. Nilipoiwasha, iliunguruma vizuri. Nilipogusa pedali, ikakohoa vile vile.

Kabla yangu kuna mtu alikwisha kuigusa. Skrubu ya mchanganyiko kwenye miksa ilikuwa na alama mpya za bisibisi na imefunguliwa mbali kuliko inavyopaswa. Naelewa alichokuwa akitafuta. Injini inayomisi, yaani inayokosa kuwaka mara moja moja, ukiiongezea gesi mara nyingine inatulia kidogo, na aliyeongeza anaondoka akiamini ametibu. Lakini foklifti hii inafanya kazi ndani ya ghala, milango ikiwa imefungwa nusu ya siku. Gesi ikizidi hewa, haiungui yote, na kinachotoka kwenye ekzosi ni monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Wapakiaji wawili walikuwa wakilalamika kichwa kinawauma mchana, na hakuna aliyeunganisha kichwa chao na skrubu ile. Nilipoiona niliumia. Nikaomba mashine isiingie ndani tena mpaka nimalize, na milango yote ifunguliwe.

Hapo ndipo nilipoacha kubadilisha vifaa nikaanza kupima.

Kuna jambo moja kuhusu propani ambalo aliyezoea injini za petroli hulichukulia kirahisi. Mchanganyiko wa gesi kavu na hewa ni mgumu zaidi kwa cheche kuupasua kuliko mchanganyiko wa petroli. Volti zinazotakiwa kwenye ncha ya plagi ni nyingi zaidi, kwa hiyo koili iliyochoka, nyaya zilizozeeka, au plagi yenye mwanya mpana, ambazo kwenye petroli zingeendelea kusukuma siku, kwenye gesi zinaanza kumisi mapema. Mwanya wa plagi ukipanuka hata kidogo tu, wa kwanza kuhisi mzigo ni koili. Ndiyo maana injini hizi hupewa mwanya mdogo. Nyingi nilizozishika zinataka kati ya milimita 0.7 na 0.8, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno.

Na usiisome plagi ya gesi kwa rangi kama ya petroli. Propani inaungua safi, haiachi masizi ya kukusimulia habari. Nimetoa plagi nyeupe zinazopendeza ambazo kumbe zimekwisha. Tazama pembe za ncha: mpya ina kona kali, iliyochoka imeviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Zile za mashine hii zilikuwa zimeviringika na mwanya umefika milimita 1. Nilizibadilisha, na cheche ikapata nafuu, lakini kukohoa kulibaki. Ni vizuri kusema hivyo wazi, kwa sababu mashine kuukuu mara nyingi ina maradhi matatu kwa pamoja, na ukitibu moja bila kuona mabadiliko unaweza kudhani ulikosea.

Kabla ya kucheza na cheche karibu na gesi, kuna mambo ambayo sifanyi mzaha nayo. Mashine naitoa nje, mbali na shimo lolote, mfereji au ngazi za kushuka chini, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, na inatambaa chini na kutuama mahali pa bonde ikisubiri. Nafunga vali ya mtungi injini ikiwa inawaka, naiacha inywe gesi iliyobaki kwenye mipira mpaka izimike yenyewe. Halafu napaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, natazama mapovu. Sivuti waya wa plagi na kuuacha ukining'inia ukitafuta pa kurukia. Natumia kipima cheche chenye mwanya mpana, nakibana kwenye chuma cha injini, mbali na miksa. Waya ulioachwa wazi unaua koili, na ukikuta gesi umewasha moto.

Nilianzia kwenye betri, na hapa sitakaa sana. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, acha kila kitu ushughulikie betri na nyaya zake kwanza. Kwenye gesi betri dhaifu inakupiga mara mbili: cheche inafifia, na kwa kuwa injini inazunguka polepole, mvuto wake wa hewa hautoshi kufungua ile vali inayoruhusu gesi ipite. Unabaki bila cheche na bila gesi, na unalaumu regyuleta. Waya wa erthi kati ya injini na fremu pia upime wakati stata inazunguka, usiutazame tu kwa macho. Kutu hukaa chini ya boliti.

Halafu koili. Weka mita kwenye nguzo ya chanya. Wakati wa kupiga stata volti ziwe karibu sawa na za betri. Ukiachia ufunguo na pointi zikiwa zimefunga, zishuke mpaka kama 7 hivi au 9, kwa sababu umeme sasa unapita kwenye rezista inayolinda koili na pointi zisiungue. Hapa pana ugonjwa unaosumbua watu wengi: injini inashika vizuri ufunguo ukiwa kwenye stata, na unapouachia tu, inazima. Nimeona watu wakibadilisha vali ya gesi kwa dalili hiyo. Mara nyingi ni rezista iliyokatika, au mguso uliochoka ndani ya swichi ya ufunguo. Njia ya stata ina umeme, njia ya kuendelea haina. Mita inakuambia kwa dakika moja.

Na ukinunua koili nyingine, pima ohimu zake, yaani ukinzani wake wa umeme, kabla hujaifunga. Koili inayohitaji rezista huwa na ohimu kama moja na nusu upande wa kwanza, isiyohitaji huwa na kama tatu. Ukiifunga ya kwanza mahali pa pili bila rezista, itaenda vizuri sana siku ya kwanza, cheche kubwa ya buluu, halafu pointi zitaungua na koili itatokota. Sura zao hazitofautiani.

Mashine yangu ilipita yote haya. Volti zilikuwa sawa, koili ilikuwa sawa, na kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche, niliibadilisha kwa tahadhari tu kwa kuwa ni ya bei ndogo na ya zamani ilikuwa na miaka yake. Nilifungua kifuniko cha distributa nikakishika juani, nikakizungusha taratibu. Unachotafuta ni mstari mwembamba mweusi unaotambaa kutoka nguzo moja hadi nyingine kama nyufa za udongo mkavu. Ukiuona, usiukwangue, kitupe. Hapakuwa na mstari. Ile kaboni ya katikati inayogusa rota, kile kipande kinachozunguka kugawa cheche, ilikuwa ikiruka vizuri kwenye springi yake.

Kile kishindo kwenye miksa kilinisukuma nitazame nyaya za plagi. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-3-4-2, na hilo lina maana ambayo naipenda kuieleza. Silinda ya tatu na ya nne zinakaa jirani, na pia zinawaka zikifuatana. Waya wa tatu ukilazwa sambamba na waya wa nne, ganda likiwa limechoka, cheche ya tatu inaweza kuruka au kuambukiza umeme kwenye waya wa nne. Wakati huo pistoni ya nne iko chini kabisa, imemaliza kuvuta, na vali ya kuingizia bado haijafunga. Cheche ikitokea hapo, moto una mlango wazi wa kurudia kwenye miksa. Unasikia kishindo, unapasua dayaframu ya miksa, na mara nyingi unafungua tena mambo ya gesi. Nilizitenganisha nyaya, nikazishikiza kila moja kwenye kishikio chake. Kishindo kilipungua. Kukohoa kukabaki.

Nilikaa chini kwenye kreti nikairudia dalili ya siku ya kwanza, ile niliyoisikia nikaipita. Bila kukanyagwa, nzuri. Ikikanyagwa nusu, mbaya. Ikikanyagwa yote, nzuri tena. Gesi isiyotosha haifanyi hivyo. Kama gesi haifiki, mbaya zaidi ingekuwa pale inapohitajika nyingi, yaani pedali ikiwa chini kabisa. Ni kitu gani basi kinachobadilika pedali ikiwa nusu tu?

Kinachobadilika ni mvuto wa hewa unaofika kwenye kikopo cha vakyumu kilicho ubavuni mwa distributa. Kwenye injini hii mpira wake mwembamba unaanzia juu kidogo ya kipepeo cha miksa, kile kibamba ambacho pedali hukifungua. Kipepeo kikiwa kimefunga, kikopo hakipati kitu. Kikifunguka kidogo, mvuto unakishika, kikopo kinavuta kijiti, kijiti kinazungusha bamba linalobeba pointi, na cheche inawahi. Kipepeo kikifunguka chote, mvuto unaanguka na bamba linarudi mahali pake. Nusu pedali ndiyo hali ambayo bamba lile husogea.

Nilichomoa mpira ule, nikauziba kwa skrubu ili injini isivute hewa ya ziada, nikafungua gesi nikawasha. Nikagusa pedali. Injini ikapanda laini, nusu, robo tatu, yote, ikashuka, ikapanda, bila kukatika hata mara moja. Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni alikuja mbio akiniuliza nimebadilisha nini. Nilikuwa sijabadilisha chochote.

Wengine wangeishia hapo, wakaacha mpira umezibwa na kurudisha mashine kazini. Sishauri. Injini iliyonyimwa kuwahishiwa cheche inapobeba mzigo mdogo hula gesi zaidi na kupata joto zaidi, na mzigo mdogo ndio kazi kubwa ya foklifti kwa siku nzima. Isitoshe, nilikuwa nimejua mahali tu, sijajua ni nini.

Nikazima, nikafunga mtungi, nikafungua kifuniko cha distributa. Nilizungusha injini kwa mkono mpaka pointi zimefunga na kisigino chake kiko katikati ya upande bapa wa kamu, mhimili wenye kona zinazozifungua pointi. Hili ni muhimu: bamba likisogea, pointi zikiwa karibu na kona ya kamu zitafunguka zenyewe kwa haki, na kipimo kitakudanganya. Nikawasha ufunguo bila kupiga stata, nikaweka mita kati ya nguzo ya hasi ya koili na erthi. Ilisoma karibu sifuri, kama inavyotakiwa pointi zikiwa zimefunga. Nikatia mpira wa vakyumu mdomoni, nikavuta taratibu, macho yakiwa kwenye mita.

Bamba lilisogea kama upana wa ukucha mdogo. Mita ikaruka kutoka sifuri hadi 12. Nikaachia pumzi, bamba likarudi, mita ikarudi sifuri. Nikavuta tena, ikaruka tena. Pointi zilikuwa zimefunga muda wote, niliziona kwa macho yangu zimeshikana. Njia ya umeme ilikuwa inakatika mahali pengine.

Kutoka kwenye pointi hadi nguzo ya nje ya distributa kuna kipande cha waya, kifupi kuliko kidole, chenye ganda la kitambaa. Ukikitazama ungekiona kizima kabisa, hata rangi haijabadilika. Nilikishika kwa koleo ya mdomo mwembamba nikakivuta kwa upole, na badala ya kukaza kikarefuka, kama mpira. Waya mzima haurefuki. Nililipasua ganda kwa wembe: nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote mahali pamoja, ncha zake zimeng'aa kwa kusuguana. Bamba likitulia, ncha ziligusana na umeme ulipita. Bamba likivutwa, ziliachana. Mara elfu kwa siku, miaka kwa miaka, waya ule ulikuwa umepindwa pale pale na kunyooshwa, mpaka shaba ikachoka na ganda likabaki likiificha.

Waya wa kurudishia hapo usiwe wowote uliolala kwenye sanduku. Ule wa kawaida una nyuzi chache nene, utakatika baada ya muda mfupi, na ugumu wake unalizuia bamba lisisogee. Unatakiwa ule laini sana wenye nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, na uachwe na ulegevu wa kutosha bila kugusa kamu wala rota. Nilipokuwa humo ndani nilibadilisha na ndugu yake, kile kipande kingine kinacholipatia bamba lenyewe erthi, kwa kuwa kinapindwa vile vile na kingefuata. Nikaweka mwanya wa pointi milimita 0.45, nikatia tone moja la mafuta chini ya bamba ili lizunguke bila kukwama, nikaipima taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, kwa taa, kwanza mpira ukiwa umezibwa, halafu nikaurudisha nikatazama alama ikisogea pedali inapoguswa.

Kazi ya mwisho ilikuwa skrubu ile ya mchanganyiko. Sikuiweka kwa sikio. Niliazima kipima moshi, nikaingiza bomba lake kwenye ekzosi injini ikiwa na joto lake la kazi, nikawa naifunga skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikisubiri namba itulie kila mara. Ilipokuwa imefunguliwa namba ya monoksidi ilikuwa juu kiasi kwamba niliita msimamizi aje aisome mwenyewe. Akaisoma, akanyamaza, akauliza imekuwa hivyo tangu lini. Nikamwonyesha alama za bisibisi kwenye skrubu. Tulipomaliza niliifunga kwa rangi nyekundu ili atakayeigusa ajulikane, na yeye akaenda kuwatafuta wale wapakiaji wawili.